Usimnunulie Baba Kile Kigurudumu

Duka la Chambo la Ludie,
Gati la Kijito cha Sims,
Scottsboro, Alabama.
23 Mei 2013.

Mpendwa Corliss, binti wa kaka yangu,

Pokea salamu za shangazi yako kutoka huku kwenye joto na mbu. U hali gani, mwanangu? Kile kifua kilichokusumbua Krismasi kimepoa, au bado unakohoa na kuwaambia wagonjwa wako wapumzike huku wewe hupumziki? Huko Kodiak najua bado mnavaa makoti. Sisi tumeshaanza kulala madirisha wazi.

Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisuta kila nikipanda ngazi ya ghala. Paka amezaa tena, safari hii nyuma ya jokofu la minyoo, watoto watano, na mmoja ana sura ya mchungaji wetu kabisa. Usimwambie mtu nimesema hivyo.

Barua yako ilifika Jumanne. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama kaunta, mpaka mteja akaniuliza kama kuna msiba. Unaniomba nikuchagulie fimbo, kigurudumu na mshipi vya kumzawadia baba yako akitimiza miaka sabini mwezi ujao. Na ile picha uliyoikata gazetini nimeiona: kigurudumu chekundu, chepesi, cha kukaa juu ya fimbo. Umeandika kwamba mvuvi bora wa samaki aina ya besi anastahili kitu bora. Ni kweli anastahili. Lakini usimnunulie, Corliss. Ngoja nikueleze, na univumilie maana nitakwenda mbali. Kwenye simu ungenikatiza, na mimi ningelia.

Kile kigurudumu cha juu unakijua. Ukirusha, bobini iliyozungushiwa mshipi inazunguka na kuutoa, na breki yake kuu ni kidole gumba. Gumba likichelewa hata kidogo, bobini inatema mshipi mwingi kuliko chambo kinavyouvuta, na unabaki na kiota cha nyuzi mkononi. Cha chini, kile kinachoning'inia, hakina habari na gumba. Bobini yake imetulia, mshipi unajitokea wenyewe. Ndiyo maana watoto na wageni wanaanzia hicho, na ndiyo maana wanaume wa hapa wenye kofia za mashindano hawataki kupigwa picha nacho.

Basi tangu Februari baba yako ananiletea viota.

Mara ya kwanza nilimcheka. Aliweka fimbo mbili kaunta, nyuzi zimesokotana hata sindano haipenyi, akasema, "Ludie, huu unaoniuzia ni mshipi au ni uzi wa kushonea soksi?" Nikamwambia mshipi huohuo ndio ninaowauzia wote. Akasema, "Basi wote hawajui kuvua." Unamjua mwenyewe. Nikamwekea wa nailoni, mnene kidogo na wenye utii. Wiki ileile akarudi na viota. Nikambadilishia tena, nikakaza na breki ya pembeni. Akarudi. Mara ya nne hakunitania. Aliniachia fimbo mlangoni akaondoka bila hata kunywa kahawa yangu, na kahawa yangu hajawahi kuikataa tangu mama yako atutoke.

Jumamosi ya pili ya Aprili klabu ya wavuvi ilikuwa na mashindano. Alivua na Wendel Hargis, rafiki yake wa siku zote. Wendel anasema baba yako alimfikisha besi hadi ubavuni mwa boti, mkubwa, ratili nane kwa macho, halafu mshipi ukaachia. Baba yako akaingia dukani anatangaza kwa watu wote kwamba mwamba ndio uliomkatia. Mimi nikashika ncha ya ule mshipi. Uliokatwa na mwamba unakwaruzika, unaparuza ukiupitisha kwenye mdomo. Huu ulikuwa laini, na ncha yake imejikunja kama mkia wa nguruwe. Kila mtu wa kazi hii anajua maana yake. Mshipi haukukatika. Fundo lilifunguka.

Fundo la baba yako, Arvil Tidmore! Mtu aliyefundisha nusu ya wilaya hii kufunga ndoana, aliyekuwa akikupiga kikofi cha mkono ukisahau kulilowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Tukatazamana. "Mwamba," akasema. "Mwamba," nikaitikia, nikaikata ile ncha nikaitupa kwenye pipa kabla Wendel hajaiona. Mungu anisamehe. Nilidhani namsitiri.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, nilikuwa gatini nawabadilishia maji visamaki vya chambo. Nikamwona anatoka peke yake. Unaikumbuka ile kamba nyekundu ya kuzimia injini, inayobanwa kwenye jaketi la kuokolea? Mtu akirushwa majini, kamba inachomoka, injini inazima. Asipoifunga, boti inazunguka na kumrudia na lile panga la nyuma. Tumemzika mtu kwa ajili hiyo, na baba yako ndiye aliyebeba jeneza mbele. Sasa kamba yake ilikuwa inaning'inia tu pembeni ya usukani. Nikampigia kelele, akanipungia mkono kama vile namtakia safari njema, akakandamiza mafuta. Nilikasirika siku nzima, nikisema amekuwa mzembe uzeeni. Jioni, nikiwa nafunga duka, ndipo nilipokumbuka kwamba kile kibanio cha kamba hakibanwi mpaka ukibonyeze kwa gumba.

Babu yako alianza hivihivi, Corliss. Gumba la kulia. Kisha kijiko, kisha vifungo vya shati. Wewe ulikuwa hujazaliwa, lakini mimi na Arvil tulikuwa tukipokezana kumlisha, na Arvil alikuwa akitoka nje baada ya kila mlo. Sijui kama ni ugonjwa uleule, mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba yeye anadhani ni uleule, ndiyo maana hataki kwenda kupimwa.

Mwanzoni mwa mwezi huu nikajikaza. Nikamtolea kutoka ukutani fimbo nzuri yenye kigurudumu cha chini, nikamwambia ajaribu tu, nyuma ya duka, hakuna anayeangalia. Akaitazama kama nimempa nepi. "Hiyo uiweke juu ya jeneza langu," akasema, "watu wapate la kuchekea."

"Watacheka vipi, Arvil, kama hata maiti haijaonekana?"

Nilijuta papo hapo. Aliingiza ule mkono mfukoni. Halafu akasema polepole kwamba nikikuandikia hata mstari mmoja, hatakanyaga tena dukani kwangu. Nikasema haya. Kwa hiyo, mwanangu, ujue kwamba barua hii ni ahadi niliyoivunja. Nimelivunja neno langu kwa kaka yangu wa pekee, na ningelivunja tena kesho. Akininunia nitavumilia. Akizama sitavumilia.

Sikiliza sasa la Jumapili, maana hilo ndilo lililonipa nguvu ya kushika kalamu. Baada ya ibada nilimpelekea bamia za kukaanga na mkate wa mahindi. Nikabisha, kimya. Gari lipo. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Alikuwa amesimama kwenye majani, mgongo kwangu, ameshika fimbo yako. Ile ya njano, Corliss, ya ulipokuwa na miaka saba, yenye kigurudumu cha chini na jina lako uliloliandika mpinini kwa rangi ya kucha ya mama yako ukapata bakora. Alikuwa anarushia ndoo ya bati. Mkono unatetemeka waziwazi, nauona kutoka kwenye kona ya nyumba, na bado chubwi linaingia ndooni, ngo! Anavuta, anarusha. Ngo! Nilihesabu kumi, akakosa moja tu, na hiyo moja akaitukana kama kawaida yake.

Niliacha chakula ngazini nikaondoka kwa kunyata, na goti hili! Nililia ndani ya gari mpaka vioo vikapata ukungu. Anajua, unaona. Hahitaji mimi wala wewe kumwambia. Ila hataki aonekane na mtu yeyote akiwa ameshika kile kitu, na kwa ajili hiyo yuko tayari kwenda peke yake na kile cha juu, na kamba inaning'inia.

Haya, sasa nunua ninavyokuambia. Fimbo mbili zinazofanana, za futi saba, mgongo mgumu na ncha inayokubali kupinda, maana besi wetu wanakaa ndani ya magugu na lazima uwang'oe humo kama karoti. Vigurudumu viwili vya chini, vyenye umbo kubwa kidogo, si vile vya kuchezea. Mshipi uwe wa kusuka, wa ratili thelathini, na mbele yake ufunge futi tatu za ule usioonekana majini. Hapo besi yeyote wa ziwa hili atatoka, na gumba halitaulizwa kitu. Rangi chagua wewe, lakini si njano.

Na usivitume kwa posta. Njoo navyo. Omba ruhusa hospitali, sema baba yako anatimiza sabini tarehe ishirini na mbili Juni, na huo si uongo. Ukifika mwambie umesahau kila kitu, kwamba huko mmezoea samoni na mikono imeharibika, na unataka akufundishe upya kwa kigurudumu hichohicho ulichoanzia. Atakusimanga, atasema alijua tu Alaska itakuharibu. Lakini mwalimu lazima ashike fimbo ya mwanafunzi, na Wendel na wengine wakiwaona watasema Arvil anamfundisha binti yake. Habari za daktari mpe mkiwa katikati ya maji. Dukani kwangu kuna mlango wa kutokea, kwenye boti hakuna.

Ukiona siwezi kukupangia maisha, niambie. Lakini nimekutafutia nauli nafuu kwa kumuuliza binti wa rafiki yangu Tressie anayekata tiketi, naye amesema ukiwahi mara tu barua hii ikifika utapata. Nijibu kwa simu ya nyumbani, usipige ya dukani, maana baba yako ndiye anayepokea nikiwa ghalani.

Wendel anakusalimu, anasema bado anakudai mbio za boti. Tressie anakusalimu, na ameolewa tena, tutaongea ukija. Mama mchungaji anakuombea kila Jumatano kwa jina lako kamili, hata la katikati usilolipenda. Nisalimie wenzako wa wodini wanaokupikia ukiwa mgonjwa.

Mungu aliyekupeleka mbali akulinde huko, na akulete salama mpaka kwenye meza yangu.

Ni mimi shangazi yako ninayekupenda tangu hujaota meno,
Ludie

Niliyoyaacha: Bahasha ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua tena. Mshipi naweza kuuchagua mimi, na fundo utalifunga wewe. Lakini ile kamba ya injini haina fimbo inayoiponya. Juzi nilishuka gatini nikataka kumbania, akanisukuma mkono. Nikakumbuka kwamba ulipokuwa mdogo hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako. Ulikuwa unambania kamba kifuani, unasema, "Tayari, kapteni," ndipo anawasha. Bila neno lako hakuwa anawasha, hata tuwe tumechelewa vipi. Jana asubuhi nilimchungulia kutoka dirishani. Alikaa kwenye usukani ameishika ile kamba, muda mrefu, anaitazama nafasi ya pembeni yake. Kisha akaiachia, akawasha injini akaenda.