Mawe Yaliyong'aa

Dada mpendwa,

Pokea salamu za ndugu yako, kichwa kikali kuliko vyote vilivyozaliwa kijijini hapa tangu mababu wasimamishe yale mawe. U hali gani huko? Cherehani yako imeacha ukorofi? Sisi wazima. Mama anauliza kama unakula. Mimi nimeota ndevu, wasichana hawana usingizi.

Sasa habari zenyewe. Barabara mpya imechorwa ipite katikati ya mduara wetu wa mawe. Mpima barabara alimwambia baba kwamba hayo ni mawe tu, labda wachungaji waliyapanga juzi. Unamjua baba na mawe yake: akamjibu kuwa aliyekuja juzi ni yeye mpima. Wakubwa wakaamua aitwe mtaalamu. Akithibitisha kuwa ni ya kale, barabara itazunguka.

Basi kijiji kikajiandaa. Mama alifagia mpaka njia ya mbuzi. Nilimwambia baba aniachie kazi ya maana, akasema kazi yangu ya maana ni kulala.

Mtaalamu alifika asubuhi na mapema, mama mmoja mpole mwenye kioo cha kukuzia. Akatazama jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akaeleza kwamba umri wa mawe husomwa kwenye yale magamba ya kijivu yanayoota juu yake polepole, karne kwa karne. Hapa hakuyaona. Mawe yanang'aa kama sufuria mpya! Mpima akacheka. Baba akamkunja shati, akapiga kelele kwamba ndiye aliyeyakwangua.

Sasa kijiji kizima kinamwita mpima mharibifu, hata kinyozi amekataa kumnyoa. Baba hata chakula hali vizuri. Anashinda kule akiyapapasa mawe kama mtu anayemuuguza mgonjwa.

Mtaalamu anarudi Jumamosi, mara ya mwisho. Nami najua magamba yalipobaki: chini ya lile jiwe lililolala, tulipokuwa tukijificha utotoni. Nikimwonyesha, mduara umepona. Ila baba atauliza kwa nini pale tu hapakuguswa, na jibu ninalo mimi peke yangu: nilikuwa nimechoka.

Njoo Ijumaa, dada, ukae katikati yangu na baba. Wasalimie wote hapo kwako.

Ni mimi. Siku ya gulio, wote wameenda sokoni, nilichukua brashi ya waya na sabuni ya mama nikayasugua, ili mgeni akifika amsifu baba, na baba aulize ni nani aliyeyapendezesha hivi.

Nduguyo,
Kichwa Kikali