Fomu Niliyokataa Kujaza

Newala, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekuachia, na mvua ya Suma haikuzuii tena kwenda kuchuma chai yako. Sisi huku mvua tunaisikia redioni tu. Maji tunanunua kwa ndoo, na nikimweleza mtu kwamba kwetu Rungwe nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka, anadhani natia chumvi. Wajukuu zako hawajambo. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele ya wageni. Baba yao bado yuko Masasi kwenye kazi ya barabara, anakusalimu sana.

Barua ya Ambakisye nimeipata wiki iliyopita. Najua ndiye anayekusomea na hii, kwa hiyo, mdogo wangu, soma kila neno kama lilivyo, usiruke mahali kwa nia ya kumtuliza Mama. Ameniandikia kwamba habari zangu zimefika huko, kwamba umelia, na kwamba umesema, "Mwambieni Tupo aache maneno. Ajaze hiyo fomu, akae kimya, alee watoto."

Mama, fomu sikuijaza na sitaijaza. Ila sitaki uyasikie haya kwa watu wa gulioni, kila mmoja na lake. Nakueleza mwenyewe toka mwanzo.

Unajua nafundisha darasa la saba. Lile somo la Siasa, tangu vyama vingi vije, sasa linaitwa Uraia. Siku moja nilikuwa nafundisha sifa za mtu anayeweza kugombea urais, nikaandika ubaoni: awe raia wa kuzaliwa. Binti mmoja anaitwa Somoe, hodari wa kuuliza, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ulituambia ulizaliwa Zambia. Basi wewe huwezi?"

"Siwezi."

"Hata watu wote wakikutaka?"

"Hata wakinitaka."

"Na mdogo wako aliyezaliwa Tukuyu?"

"Yeye anaweza."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, maana nilimkumbuka Ambakisye alivyompeleka ndama wetu joshoni akarudi na ndama wa jirani. Huyo ndiye anayeweza kuwa rais! Ambakisye, endelea kusoma.

Lakini nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha. Baba yetu mmoja, mama mmoja, tumekula chungu kimoja. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilizaliwa Baba akiwa bado mgodini Kitwe, na yeye alizaliwa mlipokwisha kurudi. Urais siutaki, Mama. Hata umonita wa darasa ulinitoa machozi. Kilichonichoma ni kusimama mbele ya watoto arobaini na kuwaambia kwamba mimi ni raia, lakini si raia sana.

Haukupita mwezi, ikaja tume ya kukusanya maoni ya wananchi juu ya katiba. Walikaa kwenye ukumbi mkubwa hapa mjini, kila mtu akaruhusiwa kuingia. Mwalimu mkuu wetu, ambaye anastaafu na mimi ndiye niliyetajwa kushika nafasi yake, aliniita pembeni asubuhi ile. "Nenda ukasikilize, Mwalimu. Usiseme kitu. Jina lako liko mezani kwa wakubwa." Nikamwahidi. Na kwa kweli nilikwenda kusikiliza.

Akasimama mnunuzi mmoja wa korosho, hawa waliokuja na soko huria, mwenye shati zuri na sauti nzito. Akasema nchi imefunguliwa milango na kila mtu anaingia, kwa hiyo sheria ya urais ibanwe. Raia wa kuzaliwa peke yake haitoshi. Baba, mama, babu na bibi wa rais, wote wawe wamezaliwa hapa hapa. "Majirani wameanza kubana," akasema, "na sisi tubane." Ukumbi ukampigia makofi.

Mama, nilijikuta nimesimama. Sijui ahadi yangu kwa mwalimu mkuu ilikwenda wapi.

Nikasema, "Naitwa Mwalimu Tupokigwe. Nimezaliwa Kitwe. Baba yangu Mnyakyusa wa Suma, mama yangu Mbemba wa Zambia. Nililetwa Suma nikiwa na miaka minne, na watoto wenu nawafundisha mwaka wa tisa huu. Kabla hatujaandika maneno ya mzee huyu, naomba kuuliza. Humu ndani, nani ana babu au bibi aliyevuka Mto Ruvuma akitokea Msumbiji? Asimame."

Watu wakatazama miguu yao. Nikadhani nimejiaibisha. Halafu nyuma kabisa nikasikia mkongojo unagonga sakafu, akasimama mzee mmoja mwenye kofia ya kusokotwa. "Mimi si babu yangu," akasema. "Mimi mwenyewe nilivushwa mgongoni kwa mama. Nimepiga kura toka uhuru. Mnanirudisha leo?" Akafuata mama muuza mihogo. Wakafuata vijana wawili, kisha safu nzima ya upande wa dirishani. Mnunuzi wa korosho akageuka, akawatazama, akakaa polepole.

Katika tume kulikuwa na mama mmoja mwanasheria. Akaniuliza, "Mwalimu, unapendekeza nini hasa?"

Nikamjibu, "Mtoto wa raia aliyezaliwa nje ahesabiwe sawa na nduguye aliyezaliwa ndani. Na mtu aliyeomba uraia, akakaa nasi miaka ishirini, akalea hapa na kuzika hapa, naye aruhusiwe kuomba kura. Tukimkataa, tumkatae kwa kura zetu, si kwa sababu ya hospitali aliyozaliwa."

"Yataandikwa," akasema.

"Yakishaandikwa, yanaweza kubadilika kweli?"

Akavua miwani. Alinieleza bila kupamba maneno, na nilimpenda kwa hilo. Kwa mtu kama mimi, alisema, si jambo gumu sana. Katiba inataka raia wa kuzaliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uraia, na hiyo ni sheria ya kawaida. Ndiyo inayomwita mtu kama mimi raia wa kurithi. Bunge likiisahihisha, ninaingia bila katiba yenyewe kuguswa. Ila kwa mtu aliyeandikishwa uraia, kama wewe Mama, hapo ni mlima, lazima katiba yenyewe ibadilishwe kwa theluthi mbili ya wabunge. "Wataanza na watoto wa watu wanaofanya kazi nje," akasema, "kwa sababu wanazidi kuwa wengi na wazazi wao wana sauti. Wengine watafuata, nao wakisema."

"Na inaweza kwenda upande wa yule mnunuzi wa korosho?"

"Inaweza vilevile. Inategemea nani amesema na nani amenyamaza."

Siku ya tatu yake nikaitwa ofisini kwa afisa mmoja wa wilaya hapa. Hakunikaribisha kiti.

"Mwalimu, watu wanauliza kama wewe ni Mtanzania."

"Watu gani?"

"Watu." Akasukuma karatasi mezani. Fomu ya kuomba uraia. "Jaza tumalize. Ukijaza, mambo yako ya ukuu wa shule yataendelea kama kawaida."

Nilitaka kuijaza, Mama. Sitakuficha. Kalamu ilikuwa mkononi. Niliwafikiria watoto, nyumba ya mwalimu mkuu yenye tangi la maji, nikakufikiria wewe. Halafu nikasoma mstari wa kwanza: "Mimi, raia wa nchi ya," na nafasi tupu mbele yake. Niandike nini pale? Zambia sijapiga kura, sina pasi yake, na lugha yake ninayoijua ni ile uliyonibembelezea nikiwa mtoto.

Nikamwambia, "Nikijaza, nitakuwa nimekubali kwamba leo mimi si raia. Kiapo changu cha ualimu kitakuwa cha nani? Kura zangu zitakuwa za nani?"

"Unakataa?"

"Nakataa. Siombi kilicho changu."

Akasema basi nisimlaumu mtu. Wiki ile ile jina langu likaondolewa. Katika chumba cha walimu, wenzangu wakaanza kuhamisha viti, na nikiingia mazungumzo yanageuka kuwa ya mpira. Wiki mbili nimekunywa chai peke yangu. Siwalaumu sana, kila mtu ana watoto. Lakini majina yao nayakumbuka.

Nikaomba ruhusa, nikaenda Mtwara kwa watu wa uhamiaji. Nilibeba cheti changu cha ubatizo, cheti chenu cha ndoa na ile pasi ya Baba ya kwenda migodini. Nilijiandaa kwa vita. Nikamkuta mzee mmoja mpole, anasoma kila karatasi kwa kidole.

"Baba yako kazaliwa Suma?"

"Suma, Rungwe. Na baba yake, na baba wa baba yake."

"Basi wewe ni raia kwa kurithi toka siku ya uhuru. Nani amekupa fomu hii?" Akaandika barua, akapiga muhuri, akanipa.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo naweza kuwa rais?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Hapo bado, mwanangu. Hapo bado."

Nilirudi na barua ile nikaiweka mbele ya afisa. Akaisoma, akaitia kwenye droo, akasema asante. Basi. Ukuu wa shule wameshampa mwalimu mwingine, mtu mwema, simchukii. Nimeandika rufaa na nakala ya barua ninayo. Jumatatu niliingia darasani nikalisomea darasa zima ile barua ya uhamiaji kwa sauti, na nikawaambia watoto kwamba sheria imeandikwa na watu, na watu wanaweza kukaa tena wakaiandika upya. Somoe akaniuliza, "Lini?" Nikamwambia sijui, lakini mtihani wake ni mwezi wa tisa.

Sasa nije kwako, Mama. Najua hofu yako ilianzia wapi. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka wanawake wa kisimani wakikusalimu Kinyakyusa, "Ugonile," nawe unawajibu Kibemba, "Mwapoleni," wakashikana mabega kwa kicheko. Nakumbuka shangazi alivyomwambia Baba mbele yako akurudishe ulikotoka. Uliinamisha kichwa, ukatulea hivyo hivyo, na sikukudharau kwa hilo hata siku moja. Lakini Baba alipokufa, na ukoo ukasema mgeni harithi shamba, nani alikwenda akaketi chini katikati ya migomba siku mbili, hali, hasemi, mpaka baba mdogo mwenyewe akasema basi, mwacheni? Sasa mnashangaa mimi nimeyatoa wapi haya. Huku Newala sikuyakuta.

Nisalimie baba mdogo Anyosisye, mwambie mkongojo wa mpingo nimempatia, nautafutia mtu wa kuuleta. Msalimie shangazi pia. Naye amezeeka, yamekwisha. Mke wa Ambakisye mpe pole ya kujifungua, na mtoto mbusuni. Mkipita Msasani pale Tukuyu msalimieni fundi cherehani Mzee Rajabu, aliyenishonea sare yangu ya kwanza ya shule. Ndaga fijo, asanteni sana, kwa ndizi kavu, zilifika zote.

Neno la mwisho. Tume ile imetangaza kwamba mwezi ujao itakuwa Tukuyu. Ambakisye, utampeleka Mama, na utamtafutia kiti cha mbele. Mama, Kiswahili chako usikionee haya, na ukikwama sema Kinyakyusa, atakuwepo wa kutafsiri. Waambie unaitwa Chanda, umezaliwa ng'ambo ya Tunduma, umepiga kura na kuzika mume katika nchi hii, na unataka sheria ibadilike. Na wakikushukuru, usikae chini mpaka uone wameandika.

Mimi binti yako,
Tupokigwe