Mgeni wa Suam

Tuwan, Kitale
3 Februari 2025

Kaka Wakhungu,

Natumai kile kikohozi kimekuachilia, na kwamba shemeji na watoto wanalala vizuri. Huku mimi ni mzima, ingawa vumbi limetumaliza na mvua bado iko mbali.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu siziamini tena. Mara tatu sasa, mgeni niliyemwalika kwenye kipindi changu cha televisheni, "Kabla Hujalala", anaonekana kwanza kwenye "Macho Wazi" yako. Wawili wa kwanza nilinyamaza, nikasema ni kazi, wacha tushindane. Huyu wa tatu ameniuma.

Jepkoech anauza vitunguu pale sokoni Suam. Alikubali kueleza vile dalali mmoja anawalazimisha wanawake walale naye ndiyo wapate nafasi ya mizigo kwenye lori lake. Sharti lake lilikuwa moja tu: uso wake usionekane. Nilimwahidi. Alhamisi nikamwona kwenu, uso wazi kabisa, na wewe unamuuliza maswali niliyoyapanga mimi.

Waliojua ni wawili. Mmoja ni Kagwe, mkubwa wangu kazini. Wa pili ni wewe, kwa sababu nilikusimulia Krismasi tukinyonyoa kuku pale nyumbani. Si ni wewe ulisema huyo mama ataifanya nchi nzima ikeshe ikimtazama?

Niambie tu ukweli. Nitaumia mara moja, nimalize.

Dada yako,
Nangila

Bungoma
9 Februari 2025

Dada Nangila,

Salamu zako zimefika, na kikohozi kimeisha. Watoto wanakuuliza utakuja lini. Sijui niwajibu nini baada ya barua kama hiyo.

Sikumchukua mgeni wako. Kwetu wageni huletwa na Hesbon, mwenye stesheni. Mimi naingia studio, napewa karatasi ya maswali, na mgeni ameshakaa kwenye kiti. Huyo mama nilimwona akivutavuta leso yake ifike machoni. Nikadhani ni taa zinamchoma. Hakuna mtu aliniambia kuhusu sharti lolote, na hilo linaninyima usingizi.

Lakini na mimi nikuulize. Kile kisa cha chifu na mbuzi nilikitunga mwenyewe, nikakisoma kwenye mazoezi tu. Siku iliyofuata ulikisema wewe kwenye kipindi chako, neno kwa neno. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni damu yangu. Sikujua kwamba ulikuwa unanihesabia makosa.

Kakako,
Wakhungu

Tuwan, Kitale
24 Februari 2025

Kaka Wakhungu,

Mko salama? Hapa afya iko, moyo ndio umechoka.

Kisa cha chifu nilipewa na Kagwe. Alisema amekitunga akiwa kwa kinyozi.

Nimeenda Suam. Tulikuwa tunarushiana maneno, wewe na mimi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza mwenye shida. Nilimkuta Jepkoech kwa dada yake. Sokoni hawezi kurudi; yule dalali amewaambia wenye magari wote wasimbebee mzigo. Hakunipa kiti. Aliongea nikiwa mlangoni. Aliyempigia ni mwanamume mwenye sauti ya upole, akamwambia studio ya Kitale imeharibika, atarekodiwa Bungoma, na kila kitu kitakuwa vile tulivyopatana. Gari lililomchukua lilikuwa la stesheni yetu. Dereva alikuwa Nehemiah wetu.

Nikamfuata Nehemiah kwake. Akaniambia, "Dada, mimi hutumwa. Kagwe na Hesbon ni watu wa meza moja. Walisema mkigombana nyinyi wawili, watu wa huku na wa huko watatazama kuona nani atamzika mwenzake."

Sasa naelewa kwa nini vipindi vyetu vinarushwa saa ile ile, siku ile ile. Lakini kuna jambo moja bado linanikwaruza. Wewe na Hesbon mnakula pamoja kila siku. Kweli hukuwahi kusikia chochote?

Dada yako,
Nangila

Tuwan, Kitale
2 Mei 2025

Wakhungu,

Mvua imenyesha, watu wamepanda. Natumai na nyinyi pia.

Miezi miwili, hakuna hata mstari mmoja. Nilikupigia, simu ikalia mpaka ikachoka. Leo nimeona jibu lako limebandikwa ukutani karibu na stendi: bango linasema vipindi vyetu viwili vimeunganishwa kuwa kimoja, na sura ni yako peke yako, unacheka. Kagwe aliniita wiki jana, akanishukuru kwa huduma yangu, akaomba funguo.

Siulizi tena kama ulijua.

Nangila

Bungoma
19 Mei 2025

Dada Nangila,

Kama bado unaweza kupokea salamu zangu, zipokee. Nyumbani wote wazima, na mimi niko nao mchana kutwa, kwa sababu sina kazi.

Nilinyamaza kwa kuwa kila nilichokisema ofisini kilimfikia Kagwe, na nilianza kuogopa kwamba hata hizi barua haziishii kwako. Hata wewe nilikushuku, nisikufiche. Hesbon aliponipa kipindi kipya nilikubali kwa sababu moja. Vile vya zamani vilirekodiwa na kukatwakatwa. Hiki kilikuwa cha moja kwa moja.

Kwanza nilienda Suam. Jepkoech alinisikiliza, akasema, "Waambie vile mlinileta. Jina langu mliache."

Basi Ijumaa nilipokaribisha watu, sikusoma karatasi. Nilisema kuna mama aliyeletwa kwenye kiti hiki kwa uongo, akavunjiwa ahadi mbele ya watu wote, na mimi nikiwa namuuliza maswali. Nikasema vita vya vipindi vya Kitale na Bungoma vilipikwa na watu wawili. Nilikuwa naanza kusema kuhusu dada yangu walipokata matangazo.

Nasikia wanawake sita wa Suam wameenda kumshtaki yule dalali. Jepkoech ni mmoja wao.

Nilishika simu mpaka alfajiri nikingoja unipigie. Ulitazama?

Kakako,
Wakhungu

Tuwan, Kitale
22 Mei 2025

Kaka Wakhungu,

Nimezipokea salamu, zote.

Sikutazama. Uso wako ulipotokea nilizima televisheni. Waruguru, jirani yangu, alikuja akagonga mlango akisema nije nione kaka yangu. Nilimjibu kupitia dirishani kwamba mimi sina kaka kwenye televisheni. Nikasikia viatu vyake vikirudi.

Kesho yake ni Jepkoech aliyenipigia. Hakunisalimia. Alisema, "Kakako alikuja mpaka hapa, akaniomba msamaha. Halafu akasema mbele ya watu wote. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa kwa kiti changu, kaka, mita mbili kutoka kwa hiyo televisheni.

Usijibu barua hii. Nakuja Jumamosi, tutaongea tukionana macho kwa macho. Waambie watoto.

Dada yako,
Nangila