Mtu kwa Mtu

Mjukuu wangu Anna,

Shikamoo yako imefika Maposeni, marahaba. Mahindi yamekomaa, na mama yako mdogo kajifungua salama. Lakini tangu uniulize kama umshtaki mwenye lori lililomuua mumeo, sikai, sisimami.

Enzi za Mjerumani, kabla ya Maji Maji, askari alimpiga baba yangu risasi akidhani anatoroka kazi ya barabara. Mama akanishika mkono hadi bomani Songea, akadai kwa Kingoni: "Nipeni mtu." Kimila, aliomba mtu wa kushika jembe la marehemu. Karani, mtu wa pwani, akatafsiri: "Anataka mtu auawe." Tukafukuzwa kwa viboko.

Nenda kamshtaki. Ila kwanza wakili wako ayarudie maneno yako, uyasikie yanavyotoka kinywani mwake.

Bibi yako