Mfupa Wangu na Miraa ya Posa

Jumamosi jioni. Ukungu umeshika Mikinduri tangu asubuhi na mimi nimechoka, lakini nina furaha mpaka najishangaa.

Leo wamekuja kumposa Kendi, binti yangu wa kwanza. Kwetu Wameru, posa huja na kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Baba akikifungua na kutafuna, amekubali. Asipotafuna, wageni wanajua njia ya kurudi.

Na mimi nimekatazwa kuuma chochote kwa meno ya mbele.

Ni wiki ya sita tangu daktari wa meno kule Kinoru anifungue fizi, asafishe uchafu uliojificha chini, ajaze unga wa mfupa pale mfupa wangu ulipolika, kisha ashone. Meno mawili ya juu yalikuwa yanacheza. Chanzo ni mimi mwenyewe, wacha niseme ukweli. Kila nikipiga mswaki nilikuwa naona damu, basi nikaacha kupiga pale mbele ati fizi ipumzike. Mwalimu wa sayansi mzima! Kumbe ile damu ilikuwa inaniambia nisafishe zaidi.

Daktari alisema mfupa huota polepole, na nikiyatikisa meno sasa, kazi yote imeharibika.

Jana Mama Kendi alinishauri nitafune kidogo tu kwa magego. Nilikaribia kukubali. Lakini najijua. Gamba la miraa nimelibandua kwa meno ya mbele tangu ujana, na mkono ungejipeleka wenyewe.

Basi leo nimekifungua kitita, macho yote kwangu. Kendi alikuwa amesimama mlangoni, uso umemkauka. Nilichomoa kijiti kimoja nikampa kaka yangu Muriuki.

"Kitita nimekifungua kwa mikono yangu, na posa nimeikubali," nikasema. "Kaka atanitafunia. Mimi nina mfupa unaota."

Wageni wakatazamana.

Niliogopa, sikatai. Nilifikiri nimemharibia mtoto siku yake kwa sababu ya meno mawili. Mzee wao akainama mbele, akauliza mfupa gani huo. Nikainua mdomo wa juu kidogo, nikamwonyesha. Akatazama sana, halafu akainua wake. Mbele hakuna hata jino moja.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilingoja mpaka yakaanguka yenyewe. Umekubali vizuri. Lea huo mfupa."

Muriuki akatafuna. Wanawake wakapiga vigelegele, na Kendi akakimbilia jikoni kulia.

Harusi ni Desemba. Nitacheka kwenye picha zote, nikiwa na meno yangu mwenyewe, hilo nina hakika nalo.

Nimetoka kupiga mswaki sasa hivi, ule laini, polepole, mbele na nyuma. Nimetema nikaangalia.

Povu jeupe tu.