Walipokwenda Msituni Wakaniacha

Inyonga, Mpanda
Julai 1996

Mama Tumaini, mke wangu,

Uliniambia pale stendi nisijisumbue kukuandikia, nami nimekutii mpaka leo nimeshindwa. Hujambo? Watoto hawajambo? Kile kikohozi cha Tumaini kimepona, au bado unamchua kifua kila jioni? Mwili wangu ni mzima, ila nina upweke ambao sikuujua siku zile nikilalamika kwamba nyumba yetu ina kelele.

Nipo katika kijiji cha Wakonongo, ndani kabisa kutoka barabarani. Amenipokea Mzee Kasanda, mrina asali, pamoja na mkewe. Unajua kilichonileta. Kile chuo cha ng'ambo kinatoa nafasi za masomo kwa watu wa historia na utamaduni, lakini hakitaki mtu aliyechimba maktabani tu. Kinataka sura moja ya utafiti iliyotoka kwa wenyewe. Yangu ni historia ya warina asali wa huku, ukoo gani ulitundika mizinga wapi na nani alirithi pori lipi. Habari hizo hawazisimulii kijijini. Wanasema twende kambini, na chini ya kila mti utaambiwa ni wa nani. Kwa hiyo bila safari ya msituni sina sura, na bila sura sina cha kupeleka.

Jioni ya kuamkia safari tulikuwa tumekaa nje. Mfuko nimeshaufunga, betri za redio kaseti nilishanunua Mpanda mjini. Mzee akaniuliza, "Mwalimu, nyumbani kwako wamekaaje? Kuko shwari?" Nikadhani ni maongezi tu. Unaujua mdomo wangu. Nikamjibu, "Mzee, mwenzangu kaninunia, hata barua zangu hazitaki." Nikacheka peke yangu. Mzee alitazama chini kidogo, kisha akaniuliza habari za mvua za kwetu Njombe.

Asubuhi nilipotoka na mfuko wangu, wanaume walikuwa wameshaondoka. Mama Kasanda alikuwa anafagia uwanja. Nikamuuliza kulikoni.

"Wewe umeacha ugomvi nyumbani, baba," alisema kwa upole. "Mtu wa hivyo haendi kwenye mizinga. Nyuki wanakuwa wakali, wanawauma na wenzake."

Nilikasirika, sikufichi. Nilitaka kumwambia kwamba nyuki wa Inyonga hawana habari na mambo ya Njombe. Lakini nimekaa hapa nikaona jinsi wanawake hawa wanavyoishi waume zao wakiwa porini. Hakuna anayepandisha sauti. Juzi mbuzi wa jirani alikula matembele ya Mama Kasanda karibu yote. Mama alimfukuza kwa kumpungia khanga, kisha akamsalimia mwenye mbuzi kama kawaida. Aliporudi jikoni alisonga ugali kwa nguvu sana, basi, yakaisha. Nikaiona hasira yangu kuwa ya kijinga.

Mchana kutwa nakaa na kaseti tupu. Sina wa kumfundisha wala wa kubishana naye. Nakukumbuka hata unavyonikatiza nikianza habari zangu za machifu. Nina upweke, Mama Tumaini, sina namna nyingine ya kuusema.

Wanaume wakirudi watapumzika, halafu wataingia tena pori la ng'ambo ya mto. Nilimuuliza Mama Kasanda kama watanichukua endapo mke wangu atakubali niende kusoma. Akatabasamu.

"Siyo lazima akubali," alisema. "Aseme lake lote, na wewe ulisikie. Kinachoharibu ni mtu kukaa nalo."

Ningeweza kumdanganya Mzee kwamba umeniandikia na kwetu kuko shwari. Nani angejua? Lakini mrina mwenzangu atapanda mti wenye mzinga akiniamini, na mimi nitakuwa nimesimama chini namtazama. Siwezi.

Basi sema. Miaka mitatu ya masomo huko ng'ambo ni mingi, najua. Najua unaogopa mtoto mdogo atanikimbia nikirudi, na mimi naliogopa hilo hilo. Ukisema hapana, maombi sitayapeleka. Nitaingia msituni hivyo hivyo, nitaiandika historia ya wazee hawa, nirudi kuwafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Nitaumia, sitakudanganya, lakini nitakuwa nyumbani. Ukisema ndiyo, iwe ndiyo yako, siyo ya kunichoka.

Nisalimie mama mkwe, mwambie nauombea mguu wake. Nisalimie shemeji, fundi wetu wa cherehani, na dada yangu anayekusaidia kuchota maji. Tumaini na mdogo wake uwabusu kwa ajili yangu.

Lori la kwenda mjini linangojea barua hii tu. Kama una hasira, niandikie hasira tupu, kurasa zote. Nitaisoma hapa barazani, na Mzee akiniuliza tena, nitakuwa na la kumjibu.

Mumeo anayekungoja,
Baba Tumaini