Binti Yangu Ataka Nichorwe Hina Kichwani

Bi Maimuna, assalaam alaikum. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana hapa Ukunda nimekuwa kichekesho.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, nilianza kwa kuuza misumari kando ya barabara na leo mabati yangu yanafika hadi Samburu, hakuna aliyenishika mkono, na binti yangu Yusra, wa miaka minane, alipopatikana na saratani ya damu mwaka jana sikumwomba mtu hata shilingi, nimelipa kila kitu mwenyewe, dawa, vipimo, gari la kumpeleka Mombasa na mamake na kuwarudisha. Sasa binamuye anaolewa Jumamosi, nyumba imejaa kina mama wanaochorwa hina, na Yusra, ambaye nywele zake zote zimepukutika, akataka achorwe maua kichwani, daktari akakataza, akasema ngozi yake haiwezi kwa sasa. Nikadhani yameisha. Akaja dukani, mbele ya wateja, akasema, "Baba, basi yangu utanyolewa uchorwe wewe."

Nilicheka. Lakini shangazi yake Mwanapili, ambaye haachi dogo lipite, akalitia kwenye kundi la simu la mtaa: anayetaka kuona kipara cha Mwinyihaji kina maua, achangie nauli za kina mama wenye watoto kule wodini, wanaotoka mbali na hawana uwezo. Bi Maimuna, watu hawa hawa ambao wakija kununua saruji hunililia bei, wamechanga elfu themanini na sita kwa siku nne! Vijana wa bodaboda wananipigia vigelegele, "Bi harusi huyoo!" Fundi Chirau ameniuliza mahari yangu ni mifuko mingapi.

Nikapiga hesabu, nikamwambia Yusra nitatoa mara mbili ya hizo, pesa taslimu, mambo yaishe. Akanijibu, "Pesa kila siku unatoa, baba." Akageukia ukutani, na tangu juzi hasemi nami, na mamake asema hataki hata kusikia habari ya kwenda kutiwa dawa Jumatatu. Mimi nina safu yangu msikitini, nina wateja, nina jina. Mtoto nampenda kuliko roho yangu. Nimekosa wapi?

Mwinyihaji, Ukunda

Wa alaikum salaam, Mwinyihaji. Mungu amponye Yusra, na akuzidishie riziki kwa ulivyomhangaikia. Sasa kaa nikwambie.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikimtafuta baba wodini, sikumwona. Nimeona gari, nimeona dawa, nimeona malipo. Mtoto anakwenda na mamake. Wewe je? Nadhani unaogopa, kaka yangu. Unaogopa kuiona ile sindano ikiingia, na pale hakuna wa kumlipa ili isikuume. Sikulaumu kwa kuogopa. Nakulaumu kwa kuwaachia wao woga wote.

Yusra ana kipara katika nyumba iliyojaa mabinti waliosukwa. Anataka mtu mmoja wa kufanana naye, na amemchagua aliye mkubwa kuliko wote anaowajua. Wewe ukamletea bei!

Kuhusu msikiti, mimi si shehe. Muulize imamu wako leo, uso kwa uso, na usimtume Mwanapili. Akisema maua hayamfai mwanamume, mweleze Yusra ukweli, kisha unyolewe hivyo hivyo, kipara kitupu. Akikuruhusu, mpe mtoto karatasi na kalamu, achore anachotaka na mchoraji akifuate. Maua yakikutisha, mwombe achore samaki, mtasikizana tu. Iwe hina ya majani, si piko, ile rangi nyeusi ya kemikali, na Yusra asiiguse. Vijana wa bodaboda wakipiga vigelegele, wapitishie kopo la mchango. Na ile mara mbili uliyoahidi, itoe vilevile, umeshaitamka.

Jumatatu duka lifunge. Mamake abaki nyumbani alale. Ukifika mlangoni mwa wodi vua kofia, watoto wote wakuone, kisha kaa upande wa ule mkono wenye sindano na uzime simu. Akilia, usimwahidi kitu cha kununua. Mshike.